Hesabu za Kaka Nyuma ya Kabati

Siku ofisi ilipohama, dada mmoja, mwandishi wa programu, alibaki na wapagazi kukunja nyaya. Waliposogeza kabati kubwa, ukutani zikatokea hesabu za kalamu ya risasi, mwandiko wa kaka yake ulioinama kama nyasi. Akaketi juu ya boksi. Miaka kumi na minane ikamrudia kwa mkupuo.

Enzi hizo chumba hicho kilikuwa chao wawili tu, yeye na kaka yake, juu ya kibanda cha fundi viatu, kikinuka gundi asubuhi hadi jioni. Kaka yake watu walimbandika jina la Sahihi, maana kukiri kosa kwake kulikuwa kama kung'oa jino. Walikuwa wakitengeneza programu ya kumwezesha mtu kuthibitisha kwamba anaijua siri bila kuitoa. Siri waliificha ndani ya polinomia, yaani fomula ya hesabu unayoweza kuingiza namba yoyote ikakupa jibu, na kwa majaribio walitumia namba za sifuri hadi kumi na sita tu. Ukifika kumi na saba, unarudi sifuri.

Programu ikagoma. Hata uthibitisho wa kweli iliukataa. Dada alisema kosa limo kwenye karatasi za kaka. Kaka akasema mashine ndiyo yenye lake jambo. Wakanuniana siku tatu, wakiombana rula kupitia kwa fundi viatu, naye maskini akipanda ngazi kila mara.

Siku ya nne dada akachoka. Hakuzirudia hesabu zote. Alichagua namba yoyote, ikaja tano, akaiweka pande zote mbili za mlinganyo wa kwenye karatasi za kaka. Pande hizo zingekuwa kitu kimoja, jibu lingekuwa moja. Wa kushoto ukatoa saba, wa kulia mbili.

Kaka aliikodolea macho karatasi. Alikuwa ameangusha alama ya kutoa: hasi sita, ambayo kwa namba zao ni kumi na moja, yeye kaandika sita.

“Nimekosea, mdogo wangu,” alisema polepole. “Tena nimekununia bure.”

Karatasi zilikuwa zimekwisha, basi akasahihisha ukutani. Jioni ile programu ikakubali.

Sasa kaka alikuwa amestaafu, macho yamefifia. Dada akampigia simu, akamweleza alichokiona.

“Nisomee,” kaka alisema.

Akamsomea mstari baada ya mstari. Wapagazi, walioona hapana haraka tena, wakaketi ngazini.