Kalinzi ya Chumbani

"Ukitoka humo, ndoa hakuna," alisema Mama Castory, akashusha pazia la mlango, akaenda sebuleni kupokea wageni.

Castory akabaki kitandani. Mkanda wa jeshi ulikuwa umempanda upande wa kulia wa uso, malengelenge tangu kwenye nywele hadi ncha ya pua, yanaunguza balaa. Daktari Sia wa zahanati alimwambia bila kumung'unya maneno: ugonjwa unalifuata jicho. Meza hizi asaiklovir, usiruke hata kidonge, na maji unywe mengi, la sivyo dawa yenyewe itakuumiza figo.

Maji mengi! Haya, na choo kiko wapi? Uani. Na uani unafikaje? Kwa kupita sebuleni, mbele ya Mzee Protais na dada yake Anésie, waliotoka Ilagala kuja kuiona nyumba atakayoolewa binti yao Inamahoro, mchumba wa Castory. Wakiuona uso ule watasema ana virusi vya UKIMWI, maana Ujiji nzima ndivyo isemavyo. Basi mama mtu akawadanganya kwamba mwanawe yuko Kalinzi, kwenye shamba la kahawa. Tangu jana Castory hajanywa hata tone, asije akabanwa. Vidonge amevimeza vikavu. Mkojo wa alfajiri ulitoka wa kahawia, na sasa kiuno kinamuuma. Saa ya kidonge kingine imefika, koo limekauka, jicho linawasha. Alimpenda Inamahoro, jamani, tena sana. Lakini akipofuka, atamtazama kwa jicho gani?

Akafunua pazia.

"Shikamooni. Mama, naomba maji."

Anésie akaacha kunywa chai. Mzee Protais akamtazama kijana, akamtazama mama.

"Kumbe Kalinzi siku hizi ni humo ndani!"

"Ni mkanda wa jeshi, mzee. Nimepima, virusi sina. Na hata ningekuwa navyo, dawa ningemeza hiihii."

"Kama huna, mbona umefichwa?"

Castory akapokea jagi la maji kutoka kwa mama yake. Akameza kidonge, akanywa jagi zima, akaenda uani. Aliporudi viti vilikuwa vitupu, na chai imebaki vikombeni.

"Wameondoka," mama alisema. "Umeniaibisha, mwanangu."

Castory akafumba jicho la kushoto. Kwa lile la kulia alimwona mama yake vizuri, hadi machozi.

"Nijazie tena, mama," alisema, akamnyooshea jagi.