Bibi wa Buguruni

Najma hakwenda kutazama mawe ya Warumi. Alikwenda kwa ajili ya Ignace, na alikuwa ameapa kwamba siku hiyo haitakwisha kabla mwanamume huyo hajayameza maneno yake mwenyewe, na miba yake yote.

Kisa chao Mayfair nzima, mtaa wao huku Sauzi, ilikijua, ila ilikijua miguu juu kichwa chini. Ignace, Mkongo wa Lubumbashi mwenye basi dogo la kutembeza watu, alimchumbia Najma wa Tanga, akaahidi hata kusilimu. Siku za mwanzo kabisa alimwambia, "Niko na bibi kule Lubumbashi, namtunza mimi." Najma, mtoto wa watu, akafurahi. Anayemtunza bibi yake, mke hatamtupa. Akawa anamwombea kikongwe wa watu afya kila baada ya sala.

Kisha bibi akashuka stendi, umri wake miaka thelathini, nywele za bandia hadi kiunoni. Kumbe kwao Ignace, bibi ni mke! Ignace akaitwa kwa Sheikh Burhani ajieleze, naye akaapa macho makavu kwamba alikuwa amesema kweli tangu mwanzo, na kwamba hajapata kusikia popote kuwa bibi ni mama mzaa mama. Watu wakamwamini. Mwanamume akiapa ana imani, mwanamke akilia ana hila, ndivyo tulivyo. Najma akaitwa mnyakuzi wa waume za watu, na akina mama wakawatoa binti zao kwenye darasa lake la Kurani. Hilo la darasa ndilo lililomkaa kooni. Mchumba hupatikana mwingine. Alichokitaka sasa ni jina lake, arudishiwe na yuleyule aliyelichafua.

Ndiyo maana Jumamosi hiyo alipanda basi la Ignace huku akitabasamu. Nusu ya abiria walikuwa akina mama wa Mayfair, nusu waumini wa kanisa moja la Wakongo la Troyeville. Arlène, yule mke, alipita akigawa chupa za maji. Hakujua lolote. Wakongo habari haikuwafikia, na Mayfair waliona haya kumwambia. Najma alipokea maji yake, akashukuru kwa adabu zote.

Kwenye ukumbi wa maonyesho Randburg walikuta sakafu za kale za Warumi zilizoletwa kutoka Tunisia, vijiwe vidogo vidogo vimepangwa hadi vikawa samaki, zabibu na nyuso za watu. Pale penye picha ya majira manne ya mwaka, kila msimu umechorwa kama mwanamke, Ummi alisimama mbele ya Majira ya Baridi.

"Huyu kajifunika kama sisi," alisema. Ummi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtoa binti yake darasani.

Ignace alikuwa mtu wa kupenda sifa, na akina mama wakimzunguka hivyo ulimi humteleza. "Amefanana na bibi mmoja aliyenipangisha chumba Buguruni, kabla sijaja Sauzi," alisema kwa Kiswahili safi cha Dar. "Bibi mzee, ana wajukuu tele. Wapangaji wote tulimwita bibi."

Akina mama wakacheka, wakaendelea mbele. Hakuna aliyekishika alichokisema isipokuwa Najma, aliyekuwa nyuma yao. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha mbaya. Alitaka kumrukia hapohapo, akajizuia. Neno lile lilihitaji masikio ya pande zote mbili, na yaliyompata yalikuwa yamemfundisha masikio ya Wakongo hulisikiaje.

Chakula cha mchana kilikuwa katika nyumba ya shamba nje ya Muldersdrift, barazani, meza moja ndefu: mguu wa kondoo, ugali laini wanaouita papu, maboga ya kuoka. Najma alisubiri sahani zijae.

"Kaka Ignace," aliita kwa sauti ya asali, "wenzetu wa Troyeville hawakusikia habari za bibi yako wa Buguruni. Hebu wasimulie na wao."

Ignace alimtazama, akaona tabasamu, akadhani amesamehewa. Akasimama. "Eish, bibi yangu wa Buguruni alinipenda! Asubuhi ananipa uji. Usiku hafungi mlango mpaka nirudi."

Upande wa Mayfair walicheka. Upande wa Troyeville waliacha kula, na mzee Thierry wa kanisani akaweka uma chini.

"Ignace," alisema Arlène polepole. "Ulikuwa na bibi Dar?"

"Hapana, chérie, haiko vile."

"Umesema bibi. Alikuwa anakungojea usiku."

"Bibi ya kwao!" Jasho lilimtoka. "Kwa hawa Watanzania bibi haiko muke. Ni kambo, mama ya mama. Mi naijua hii neno tangu Buguruni, kila mutu kule anaijua!"

Sasa ikawa zamu ya Mayfair kuacha kula. Ummi aligeuka na kiti chake.

"Tangu Buguruni, kaka?" aliuliza. "Na kwa Sheikh Burhani uliapa nini?"

Najma alimtazama Ignace akitapatapa, na tangu afike mji huu hajapata kula chakula kitamu kama kile. Ummi alimtupia jicho Najma, kisha akainamisha uso kwa aibu.

"Uliapa nini?" Arlène alikuwa amesimama. "Nani mwingine ulimwambia uko na bibi?"

Ignace alimtazama Najma, macho yakimsihi. Kwake yeye Najma hakuwa na huruma hata chembe. Kwa Arlène alikuwa nayo, lakini haikutosha kumnyamazisha. Akafuta midomo kwa kitambaa.

"Mimi, dada Arlène," alisema. "Mwaka mzima nilikuwa mchumba wake."