Muhuri Kifuani kwa Mzee Qiao

Cui'e alikuwa akikanda unga wa tambi pale mumewe, Mzee Qiao, alipokohoa na bonge la makaa ya mawe likadondoka kwenye beseni. Alilitoa, akalifuta kwa aproni, akalitia motoni chini ya kitanda cha tofali alikolala mjukuu wao mchanga.

"Kohoa pembeni, mzee. Unga wenyewe ndio huu huu."

Wazazi wa mtoto walikuwa viwandani huko kusini. Mwaka huo Shanxi, mkoa wa migodi, ilikuwa ikiachana na makaa, uchumi ukue na hewa iwe safi. Kipaza sauti cha kijiji kilisema hivyo kila asubuhi. Majani yalipopukutika walikuja vijana, wakazoa makaa yote uani, wakafunga mabomba ya njano ukutani. Mabomba mazuri, nani angekataa? Gesi ndiyo haikuja. Theluji ilikuja.

Siku ya theluji ya kwanza makaa yakaanza kumtoka Qiao, aliyechimba mgodini tangu ujana hadi mvi. Majirani hawakushangaa. Walisema tu Cui'e ana bahati, wengine waliolewa na wachimba chokaa.

Duan, mwenyekiti wa kijiji, aliona moshi. Alikuja na gundi na karatasi ya zuio yenye muhuri. Kwanza alipanda kitandani akaota moto, maana hata kwake bomba lilikuwa baridi.

"Mama mkubwa, makaa mmeyaficha wapi?"

"Hayajafichwa. Yamo kifuani kwa baba yako mkubwa."

Qiao akakohoa. Bonge likatua gotini kwa Duan, naye akaligeuzageuza.

"La daraja la kwanza hili," alisema. "Lakini baba mkubwa, daktari wa mgodi si alisema kifua chako ni safi? Ndiyo maana hukupata fidia."

"Alisema."

"Basi haya hayawezi kuwa yako."

"Ebo!" Cui'e alipiga beseni kwa kofi. "Kifua kikidai fidia, ni safi. Kikimpasha mtoto moto, kimekuwa ghala!"

"Usinitie matatani, mama mkubwa. Wakaguzi wanakuja kesho. Mimi natumwa tu."

"Na gesi?"

"Bomba si mnalo?"

"Bomba nitalila? Nauliza gesi!"

"Inakuja."

Amri ilisema kila mahali panapotoka makaa pafungwe. Duan akapaka gundi, akambandika Qiao karatasi kifuani, bega hadi bega, akailainisha kwa adabu, kwa kuwa mzee huyo ndiye aliyembeba mabegani utotoni. Lile bonge akalitia mfukoni.

"Mama yangu anatetemeka," alisema, akatoka.

Qiao hakukohoa tena. Karatasi ilivimba lakini haikuchanika. Gundi ilikuwa nzuri. Kitanda kikapoa, mtoto akaanza kulia. Cui'e alipomgusa mumewe kifuani, akakuta mmeshika moto humo ndani. Akamlaza mtoto juu ya muhuri, na kilio kikakoma.

"Inauma?" aliuliza.

"Mwache hapo hapo."

Wakaguzi walipita, wakaisifu anga. Kweli ilikuwa buluu.

Tangu hapo, kila asubuhi Cui'e humkung'uta mumewe majivu kwenye kola, na kila asubuhi mzee huwa mwepesi zaidi kumgeuza. Kisha huweka kiganja kwenye bomba la njano. Bado baridi.