Rangi ya Fedha Chini ya Nati

Karakana kubwa yenye milango ya kioo ilimfukuza fundi Masikio, aliyepewa jina hilo kwa kutambua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza, mara moja tu, miaka kumi na tisa iliyopita, na mpaka leo anakumbuka hata rangi ya tai ya aliyemfukuza. Mafunzo ya magari ya kompyuta ni ya wenye vyeti, aliambiwa. Wewe endelea na masikio yako. Walipotupa vitabu vyao, alivizoa jalalani, akavisoma na kamusi pembeni mpaka kurasa zikalegea. Wanaoficha elimu huwa wazembe wa kutupa taka.

Sasa gari la mkunga lilikuwa mbele yake. Likipata moto, linakohoa, linazima. Mkunga alishasema kwamba lisipopona leo, kesho analipeleka kwenye ile karakana ya vioo. Na mkunga akihama fundi, mtaa mzima unahama naye.

Shemeji yake Masikio, mwajiriwa wa huko huko kwenye vioo, alikuwa mapumzikoni, ameegemea ukuta.

"Badili kompyuta nzima, shem. Sisi ndivyo tunavyofanya."

"Ninyi hata taa ikiungua mnabadili gari."

Mashine ya kusomea hitilafu ilitaja sensa ya krenki, kifaa kinachosoma mzunguko wa injini. Masikio aliibadili jana, na gari likazima kwenye kona ya kwanza. Kwa hiyo leo alirudi kitabuni, akaelewa: mashine inamtaja anayelia, haimtaji aliyempiga. Basi atapasha moto kifaa kimoja kimoja, injini ingali baridi, aone kipi kinazimisha.

Alivuka ua hadi saluni ya mkewe, akachomoa draya.

"Baba watoto, kuna kichwa cha mtu kimelowa hapa."

"Nakirudisha sasa hivi."

"Kichwa?"

Akaielekeza draya kwenye sensa. Injini ikanguruma tu. Akahamia koili za plagi, ya kwanza, ya pili, mpaka ya nne: zote nzima.

"Nzima kabisa, hazina kosa," alisema.

"Ukimaliza, isuke," shemeji akamjibu.

Injini ikapata moto yenyewe, ikaanza kukohoa. Masikio akashika mita ya umeme, waya mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye injini. Ilitakiwa isome karibu na sifuri. Ilisoma karibu volti moja nzima. Umeme ulikuwa unakwenda vizuri, ila njia ya kurudi imebanwa. Akazima, akafuata waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, mpaka mwisho wake, akafungua nati.

Chini yake paling'aa rangi ya fedha.

Mji mzima fundi mmoja tu hupaka injini rangi ya fedha. Miaka thelathini hiyo ndiyo sahihi yake. Mwezi uliopita alibadili gasketi ya gari hili hili, akalipamba, kisha akafunga ethi juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme.

Kiganja cha Masikio kilitosha kupafunika. Shemeji alikuwa amesogea.

"Nini hicho?"

"Kazi yangu," alisema Masikio, akachukua msasa, akaikwangua rangi mpaka chuma kikaonekana, akafunga nati upya.

Mkunga alipofika, aliambiwa yote bila kupunguziwa.

"Yaani mwezi mzima nasukuma gari kwa sababu ya urembo wako?"

"Ndiyo, mama."

"Panda. Likizima, leo unasukuma wewe."

Walizunguka mji kwa saa nzima, milima na kona zote. Masikio alirudi amekaa.

"Wiki ijayo nakuletea la dada yangu," mkunga alisema. "Hilo usilipake."

Shemeji alikuwa bado pale, mapumziko yake yamekwisha zamani.

"Shem," aliuliza kwa sauti ya chini, "hiyo habari ya ethi iko kitabu gani?"

Masikio akamvutia kigoda.

"Kaa. Hapa hatuulizi cheti. Ila kwanza peleka hii draya saluni, mimi naogopa."