Kiganja cha Asteria

Kila kitu kiliharibika Jumanne, tarehe kumi na sita Aprili 2024, mvua ilipopasua dohani, bomba la moshi la nyumba ya Mzee Wilbrodi pale Dunda. Ufa ulishuka kutoka juu mpaka kwenye tanuri. Kabla ya adhuhuri bwana mmoja wa ofisi ya serikali akafika na mwavuli wake, akaamuru: dohani ipigwe saruji leo hii, ama sivyo wapangaji watoke.

Wilbrodi, aliyeishia darasa la nne, hakujua kubishana na watu wa mafaili. Akapiga saruji kotekote, hata pale chini penye alama ya kiganja cha Asteria.

Asteria, marehemu mkewe, alikuwa akioka mikate kwenye tanuri hilo. Mwaka walipoikarabati dohani kwa chokaa, aligandamiza kiganja chake kwenye chokaa ingali mbichi, akacheka: "Nikienda Kiwangwa kwa mama, mkono huu utabaki kukuchunga." Alipofariki, Wilbrodi akawa anauweka mkono wake juu ya ule kila asubuhi. Vidole vya Asteria vilikuwa vifupi. Vyake vilizidi kwa pingili nzima.

Saruji ikafungia unyevu ndani ya mawe, yakaanza kumomonyoka. Wapangaji wakahama hata hivyo. Sasa Zuwena, muuza mikate, anaitaka nyumba, lakini kamwambia wazi: "Baba, mimi nakuja kuoka, siji kubanikwa. Moshi ukirudi ndani, naondoka."

Ndipo akaitwa fundi Alawi, mzee mwenzake, akaja na chokaa aliyoiloweka wiki tatu.

"Nani kakutuma kupiga saruji juu ya chokaa?"

"Serikali."

"Serikali ndiyo iliyoshika mwiko?"

Wilbrodi akatazama pembeni. "Wao walitaka yaishe siku ile ile. Wakaenda zao kula."

Alawi akaanza kubandua kutoka juu. Kila kipande cha saruji kilianguka na chokaa ya nyuma yake, mpaka yakabaki mawe matupu. Alipofika usawa wa kiuno, Wilbrodi akaweka mkono ukutani.

"Kidole gumba cha Asteria kinaanzia hapa."

Alawi akashusha patasi. Wote wawili waliutazama mkono wa Wilbrodi juu ya saruji.

"Nikipaacha, ndugu yangu, mawe ya chini yatakwisha, na Zuwena haji. Nikipabandua, kiganja cha Asteria kitatoka na saruji. Unasemaje?"