Kilomita Zilizosahauliwa Kwenye Buti

Jumamosi saa tatu asubuhi mkunga alisimama katika yadi ya magari yaliyotumika, amevaa viatu vyake vyeupe vya zahanati, akapiga tairi la mbele teke dogo la heshima. Hakujua teke lile linapima nini. Alikuwa ameona wanaume wakifanya hivyo, naye hakutaka kuonekana mgeni. Gari lilikuwa jeusi, refu, la kifahari hasa, lenye viti vya ngozi ya rangi ya chai ya maziwa na paa la kioo ambalo muuzaji alilifungua na kulifunga mara nne. Mita ilisema kilomita elfu hamsini na nne.

"Hili lilikuwa la ofisini na nyumbani tu, mama yangu," muuzaji alisema. "Halijui hata shimo linafananaje."

"Mwenyewe alikuwa nani?"

"Mkubwa mmoja. Mstaarabu kabisa. Hata mlango alikuwa anafungiwa."

Muuzaji alikuwa na mdomo mtamu, akamvika mkunga kilemba cha ukoka mpaka mwenyewe akachoka. Lakini mkunga hakununua kwa maneno yake. Alinunua kwa sababu ya njia ya kule juu. Kutoka zahanati hadi kijiji cha kule juu kulikuwa na kilomita tisa za udongo mwekundu, na mvua ikinyesha hata mbuzi walikuwa wanafikiri mara mbili. Mwaka uliopita aliitwa kule mara mbili wakati wa mvua, na mara zote mbili alifika na mkoba wake akakuta watu wameshakaa msibani. Sasa binti yake wa pekee, mwalimu wa shule ya kule juu, alikuwa na mimba ya miezi sita. Mtoto na mvua kubwa vilitarajiwa mwezi uleule mmoja. Mkunga alikuwa na nia moja tu, asichelewe mara ya tatu.

Mumewe, fundi saa, alilipokea gari uani kwa furaha. Alifungua boneti, akatazama ndani kwa muda mrefu, akaifunga taratibu bila kugusa kitu. Jumatatu asubuhi walilikuta limelala, tumbo chini, limechoka kabisa, wala halijaenda popote. Wakamwita Fundi Sikio, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuamini mashine za kupimia. Aliweka ncha moja ya mpira wa maji kwenye injini na nyingine sikioni, akafumba macho.

"Mifuko ya hewa imechoka," alisema. "Magari ya namna hii hayana springi kama ya kina sisi. Yanakaa juu ya hewa, sawasawa na wenye nayo."

"Na hii taa ya njano?"

"Hiyo ya kulalamika. Iache ilalamike. Ikinyamaza ndiyo uniite."

Akabadilisha mfuko mmoja, akaziba mwingine, akamwaga oili nyeusi kama masizi, akaondoka akipiga mluzi. Gari likainuka. Majirani walishalibatiza jina, Mheshimiwa, na kila asubuhi walipita wakiuliza kama Mheshimiwa ameamka. Mkunga alijibu kwamba ameamka, ila hajapokea mtu. Alikuwa na raha. Alikuwa hajawahi kuwa na kitu kinachompasha moto makalio.

Alhamisi alifungua buti ili aweke mkoba wake wa kuzalishia, akakuta nafasi hamna. Chini ya zulia, pale pa tairi la akiba, palikuwa na barabara. Ilikuwa imekunjwa kama mkeka, lami tupu, na mstari mweupe ukionekana kwenye ukingo wa mkunjo. Ilikuwa bado vuguvugu. Mkunga aliigusa, akaweka mkoba kiti cha nyuma, akaenda kazini kwa sababu kulikuwa na foleni ya chanjo.

Jioni Fundi Sikio aliinama juu ya buti na mpira wake.

"Mita imerudishwa nyuma," alisema. "Hilo si neno, zote zinarudishwa. Neno ni kwamba hawakuzimwaga."

Akawaeleza. Fundi wa mita akirudisha mita, kilomita anazozitoa hazipotei. Anatakiwa azibebe mpaka nyuma ya yadi azimwage shimoni, ndiyo maana nyuma ya kila yadi pana uwanja mpana wa lami usioelekea popote. Huyu wa safari hii bila shaka alikuwa na haraka, au mvivu, akazisukumia chini ya zulia akafunga buti.

Mkunga akampigia simu muuzaji.

"Loh! Samahani sana, mama yangu," muuzaji alisema. "Zilete tu, tutakumwagia bure."

"Kumbe ulinidanganya."

"Hapana, mama. Ulitaka gari la kilomita chache, nikakutafutia."

Fundi saa alipendekeza waikunjue barabara ile waone. Wakaipeleka hadi zahanati, mwanzo wa njia ya kule juu, wakaisukuma kwa miguu. Ikajifungua yenyewe kilomita moja kamili, ikakaa juu ya udongo mwekundu kama shuka kitandani, na kona zote za njia ikazifuata. Mkunga alipowasha gari kurudi nyumbani, mita ilisema elfu themanini na moja. Ilikuwa kilomita moja, ila ilikuwa imepitwa mara nyingi mno. Breki nazo zikaanza kulia.

"Sasa nikwambie ukweli, dada," Fundi Sikio alisema. "Ukifunga buti usilifungue, gari hili litadumu mpaka likuzike. Kila barabara unayoitoa, linarudi kwenye umri wake. Na kule ndani naona zimebaki nane."

Usiku ule mkunga na mumewe walikula wakipiga hesabu. Hesabu ilikuwa wazi. Buti likifungwa, angekuwa na gari zima na njia ya utelezi, na magari mazima pia yamewahi kukwama kule. Buti likifunguliwa, angekuwa na lami, ila huenda gari lingekufa lami haijafika mlangoni kwa binti yake.

"Gari ni letu wawili," mkunga alisema mwishowe. "Barabara hata mbuzi watapita."

"Basi mkoba wako utakaa kiti cha nyuma," alisema mumewe, akamwongezea chai.

Wakawa wanatoa moja kila wiki, maana haikuwa rahisi kuzing'oa. Kila moja ilikuja na ya kwao. Ile ya kwanza ilikuwa ya kuingilia hoteli kubwa ya ufukweni. Vivuli vya minazi vilianguka juu yake mchana kutwa ijapokuwa minazi haikuwepo, na wanawake wa njiani wakahamia vivulini na mafungu yao ya nyanya. Nyingine ilitoka uwanja wa ndege, na usiku taa zake ndogo za pembeni ziliwaka zenyewe. Ilifuata ya shule moja ya watoto wa wenye nacho, yenye matuta mawili na kivuko cha pundamilia, na kuku wa mzee mmoja wa pale wakajifunza kuvukia penye pundamilia tu. Ipo pia iliyonuka majani yaliyokatwa, wakasema hiyo itakuwa ya uwanja wa gofu. Watu walizipita zote, wakazisifu, wakaendelea na shughuli zao. Kuhusu mita, baada ya ile ya nne mkunga aliacha kuitazama.

Siku moja ya jua kali fundi saa alikuwa analiosha gari. Rangi nayo ilikuwa imezeeka, na penye mlango wa dereva palijitokeza alama ya herufi zilizobanduliwa zamani. Akainama, akavaa ile miwani yake ya kazi, akamwita mkewe.

MRADI WA BARABARA YA KULE JUU, mlango ulisema. Chini yake, kwa herufi ndogo: Gari la Mkurugenzi.

"Miaka sita," alisema fundi saa. "Miaka sita walikuwa wanatwambia upimaji unaendelea."

Mkunga alikaa kwenye ngazi ya mlango. Kwa hiyo lilikuwa gari la kwao. Lilikuwa limenunuliwa kwa ajili ya njia ile, likaenda hotelini, likaenda gofu, likapeleka watoto shule na kuwarudisha, na katika kilomita zote zile hamkuwa na hata moja ya udongo mwekundu. Muuzaji alisema kweli, halikujua shimo linafananaje. Alilia kwa hasira, kwa sauti, bila kujifuta, akiwataja wale wanawake wawili aliowachelewea na vitoto vyao. Mumewe akaweka ndoo chini, akakaa naye. Jioni, machozi yalipokwisha, wakaenda kung'oa kilomita ya saba.

Mvua kubwa zilianza wiki moja kabla ya tarehe ya binti kujifungua. Kilomita nane zilikuwa zimeshatandikwa. Ya tisa ilikuwa imekwama chini kabisa ya buti, ikigoma, na Fundi Sikio alisema waiache iloe kidogo, itakuja yenyewe. Saa nne asubuhi simu ikalia. Alikuwa mkwe wake.

"Mama, ameanza. Maji yameshatoka."

"Mwambie asisukume. Nakuja."

Mheshimiwa sasa alikuwa amekaribia umri wake kamili. Paa la kioo lilikuwa limekwama wazi, kwa hiyo mkunga aliendesha akiwa ameshika mwavuli kwa mkono mmoja. Taa ya kulalamika ilikuwa imenyamaza. Injini ilikohoa kwenye vivuli vya minazi, ambavyo mvua haikuvifuta. Ikapiga chafya kwenye pundamilia, kuku wakasimama wakampisha. Ikavuka gofu kwa kujikokota. Mkunga alikuwa anaibembeleza kwa maneno anayowaambia wazazi wake wa zahanati. Bado kidogo, mama. Vizuri sana. Usikate tamaa, pumua, pumua hivyo hivyo.

Mwisho wa kilomita ya nane mifuko ya hewa ilitoa pumzi yote kwa pamoja. Gari lilipiga magoti, likazima. Mbele palikuwa na udongo mwekundu tu, unatiririka.

Mkunga alifunga mwavuli. Alishuka, akazunguka nyuma, akafungua buti. Kilomita ya tisa ilikuwa imelegea, imejisogeza ukingoni, inasubiri. Aliivuta kwa mikono miwili ikaanguka chini kwa kishindo, akaisukuma kwa kiatu cheupe. Ikapanda mlima mbele yake ikijifungua. Ilikuwa ya mtaa wa nyumbani kwa mkurugenzi, yenye matofali ya rangi mbili, na harufu ya asumini iliyofyekwa siku hiyo hiyo, na taa fupi fupi pande zote. Mkunga alikamata mkoba, akaifuata kwa mwendo wa haraka ambao miguu yake haikuwa nao tangu ujana. Hakuteleza hata mara moja. Barabara ilikoma kwenye kizingiti cha binti yake.

"Mama, umefika," alisema binti, amekamata kitanda.

"Nimefika. Haya sasa, sukuma."

Mtoto alitoka saa sita kasoro, wa kike, na kitovu kimemzunguka shingo mara mbili. Ni jambo la dakika chache kwa aliyepo. Mkunga alikifungua kwa vidole viwili, akampigapiga mgongo, na mtoto akalia kwa hasira nzuri kabisa. Mkunga akacheka, akakaa sakafuni na mjukuu kifuani. Nje mvua iliendelea kunyesha juu ya matofali ya rangi mbili.

Tangu mwezi ule hakuchelewa tena. Alipanda na baiskeli ya mumewe, na alipochoka walimleta mzazi kwake kwa toroli, lami yote ya kilomita tisa bila mtikisiko. Mheshimiwa alibaki pale alipopiga magoti. Kina mama waliokaribia kujifungua walipumzika kwenye viti vyake vya ngozi, miguu juu, na wenye migongo mibovu waliapa kwamba kiti cha mbele bado kinapata moto.

Mwezi wa tatu baada ya hapo mkurugenzi alikuja kuzindua barabara. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti ya kijivu, na alikuja na gari jipya. Walioalikwa kupanda naye walisimulia kwamba dereva wake alipunguza mwendo kabla tuta halijaonekana, na yeye mwenyewe aliinua kichwa kwenye magazeti akasema barabara hii kama ameizoea. Alikata utepe. Bango likasimikwa kusema mradi umekamilika, na jina lake likawa juu. Watu walipiga makofi, maana utepe ulikuwa mzuri. Mkunga naye alipiga, mjukuu akiwa mgongoni, halafu akainua mkono.

"Na wenzetu wa ng'ambo ya mto?" aliuliza. "Wanavuka kwa kamba mpaka leo. Wajawazito pia."

"Daraja lao lipo kwenye mpango, mama," alisema mkurugenzi. "Mradi umeshaanza rasmi." Akanyoosha mkono kuelekea gari lake jipya, jeupe, lenye maandishi mlangoni. "Hilo hapo ndilo gari la mradi."

Watu wa ng'ambo walikuwa wamesimama nyuma, nguo zao bado mbichi kwa maji ya mto. Walilizunguka gari polepole, wakalikagua matairi, wakachungulia ukubwa wa buti, wakaridhika. Mkubwa wao alimwendea mkurugenzi kwa adabu zote, kofia mkononi, akamuuliza litauzwa lini.