Wawili wa Mlangoni

Mume wangu wanamwita Kengele, na aliyempa jina hilo hakumwonea. Hajui kunong'ona. Akiniambia siri jikoni, jirani wa upande wa pili wa ukuta hukohoa ili tujue kwamba amesikia. Alikuwa mzima moto kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha wafanyakazi wa zimamoto. Nasema chetu kwa sababu hata mimi ni mtu wa kituo. Ni mimi ninayepokea simu. Mtu akipiga huku analia kwamba nyumba inaungua na amesahau mtaa anaoishi, ni mimi ninayemtuliza mpaka aukumbuke.

Sasa, mzima moto hawezi kugoma kama karani. Huwezi kumwambia mtu ambaye paa lake linawaka asubiri mazungumzo yaishe. Kwa hiyo baraza la mji lilipokataa kutununulia buti, Kengele alibuni mgomo wake mwenyewe: moto tutazima, lakini gari hatuoshi. Gari la zimamoto likazunguka mjini na matope hadi kwenye vioo, watoto wakaliandika ubavuni kwa vidole, na mengine waliyoandika siwezi kuyarudia mbele ya watu. Mkurugenzi wa mji alivumilia hadi alipotembelewa na mgeni mkubwa, gari likawapita na king'ora likiwa limeandikwa NIOGESHENI. Buti zikapatikana.

Lakini silaha yake hasa ilikuwa nyingine, na kwa mtu wa kelele kama yeye ilikuwa ya ajabu. Ilikuwa kimya. "Mkishasema mnachotaka, fungeni midomo," alitufundisha. "Baada ya hapo, atakayeongea kwanza ndiye aliyeshindwa." Nimemwona kwa macho yangu amekaa mbele ya mkurugenzi kama gunia la mchele, mkurugenzi akiujaza ukimya ule kwanza kwa hoja, halafu kwa utani, mwisho kwa ahadi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na sisi tulikuwa tunasubiri tu ule mshindo.

Umaarufu ukamponza. Watu wa kata yetu wakamshawishi agombee udiwani. Siku ya mkutano mkubwa wa kampeni alikuwa jukwaani akiahidi taa za barabarani, mara jiko la mama muuza chai likalipuka nyuma ya umati. Kengele aliruka kutoka jukwaani neno likiwa bado mdomoni, akanyakua gunia, akalichovya kwenye ndoo ya vyombo, akaufunika moto hadi ukafa. Halafu akapanda tena, suruali imelowa, akauliza, "Nilikuwa nimefikia wapi?" Mpinzani wake alikuwa mwanasheria mwenye maneno matamu, lakini pale hata mama yake mzazi nadhani alibadili kura.

Barazani hawakumwelewa. Mzima moto hafungui mlango bila kuugusa kwanza kwa mgongo wa mkono, asije akakuta moto unamsubiri nyuma yake. Kengele aliigusa milango yote ya baraza, hata ya choo. Alikaa karibu na pa kutokea na kuwahesabu watu kila walipoingia. Madiwani wenzake wakaamini ni uganga. Mmoja wao, mzee wa makamo mwenye tai nyekundu, alianza naye kuipapasa milango kabla ya kupiga kura, na akaapa kwamba inamsaidia.

Chama kikabaki bila mwenyekiti. Aliyependekeza jina langu ni Kengele mwenyewe. "Mke wangu anawajua wote, na wote wanamwogopa," alisema, na watu wakacheka, na mimi nikachaguliwa. Najua alichokuwa anakiwaza. Alifikiri chama kitaendelea kulala nyumbani kwake, chini ya mto wake. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Baraza lilimpa uenyekiti wa kamati ya usalama, na hakukaa sana, mkurugenzi akamletea pendekezo. Mkurugenzi ni mtu safi, viatu vyake unaweza kujitazamia, na neno analolipenda kuliko yote ni ufanisi. Kwa nini gari la zimamoto litoke na watu sita? Kwa nini wasiwe wanne? Fedha itakayobaki itaweka taa za barabarani, na zitaanzia, tazama bahati, kwenye kata ya mheshimiwa mwenyekiti.

Ngoja nikueleze hao sita, maana mkurugenzi hakutaka kuelezwa. Dereva anabaki na pampu. Mkubwa wao anazunguka jengo kuutazama moto wote. Wawili wanaingia ndani. Na wawili wanakaa mlangoni, wameshavaa, wameshika kamba, ili waliomo ndani wakikwama kuwe na wa kuwafuata. Mkurugenzi aliwaona hao wawili wa mwisho kwenye picha ya gazeti akauliza mbona wamesimama tu. Kengele mwenyewe aliwahi kuvutwa nje miguu mbele na wawili wa mlangoni, akarudi nyumbani hana nyusi. Sasa hivi anayeingia ndani ni mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu. Nilikuwa naogopa, sioni sababu ya kuficha.

"Lakini mama watoto, niliwaahidi taa," Kengele aliniambia jioni moja, kwa sauti ambayo kwake ni ya chini.

"Na sisi ulituahidi nini, baba watoto?"

Akainama kufungua kamba za viatu. Mkuki kwa nguruwe.

Tukakutana mezani rasmi, katika chumba cha mikutano cha baraza, kinachotazamana na kituo chetu ng'ambo ya barabara. Upande mmoja walikuwa Kengele, mkurugenzi, na katibu wa kuandika kumbukumbu. Upande wa pili nilikuwa mimi.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, "chama kinataka watu sita." Nikafunga mdomo.

"Mwenyekiti mwenzangu," akasema Kengele, "baraza linatoa wanne." Naye akafunga.

Tukatazamana. Feni ilizunguka. Katibu aliandika: Kimya. Baadaye kidogo akaandika: Kimya kinaendelea. Mkurugenzi akawa anageuza shingo huku na huku kama anayetazama mpira ambao hakuna anayeupiga. Alipofungua mdomo tu, Kengele akamkanyaga kiatu chini ya meza, kile kiatu cha kujitazamia. Kikao kikaahirishwa bila neno lingine.

Tulikuwa tumeapa kwamba mambo ya mezani yaishie mezani. Lakini ukimya ule ulitufuata nyumbani ukaketi nasi kwenye chakula. Kengele hutia chumvi kabla hajaonja. Chumvi ilikuwa upande wangu. Aliitazama, akanitazama, akaitazama tena, halafu akala chapwa mpaka sahani ikaisha, na machozi kidogo nadhani yalimsaidia kuikoleza. Kesho yake alitoka kwenda barazani amevaa shati nje ndani, lebo inapepea shingoni. Nilimwona. Ningemwambia. Nikamfungulia mlango.

Mama mkwe akapata habari kwamba nyumba imepoa, akaja na mkoba wake akidhani tunaachana. Akatuketisha sebuleni.

"Haya, nani kamkosea mwenzake?"

Tukanyoosheana vidole.

"Mwanangu huyu alizaliwa akipiga kelele mpaka mkunga akaziba masikio," akaniambia. "Mkwe wangu, umemfanya nini?"

Tukanyamaza wote wawili. Mama akaanza kutueleza alivyoishi na baba mkwe, akaingia kwenye uvumilivu, akatoka, akauliza kama shida ni nafasi, maana chumba chetu ni kidogo, akasema kabati lake kubwa la nguo halitumiki sana, na kabla ya kumaliza chai alikuwa ameshatuahidi kabati pamoja na gari la kulileta. Mimi na Kengele tulitupiana jicho. Nusura tucheke, na tungecheka tungekwisha.

Mkurugenzi alipoona hatuongei, akaamua kuanza na wanne bila kutusubiri. Akasema ni majaribio. Kuanzia hapo, kila nilipopokea simu na kubonyeza kengele ya kituo, nilisikia buti chache zikishuka ngazi. Mdogo wangu alikuwa akipita dirishani kwangu na kunipungia mkono. "Usijali, dada," alisema. Nilimjibu avae kofia yake vizuri.

Kikao kingine kikaitishwa. Mwenzangu wa zamu akanishikia simu, nikavuka barabara. Sita, nikasema. Wanne, akasema. Katibu akaandika Kimya, akaweka kalamu chini, akajiegemeza, maana alishatuzoea. Mkurugenzi alikuwa amevuta miguu yake chini ya kiti, mbali na Kengele.

Ndipo kengele ya kituo ikalia ng'ambo.

Mume wangu alisimama kabla haijaisha kulia mara ya kwanza. Miguu yake haikumbuki kwamba ni mheshimiwa. Akaenda dirishani. Nikamfuata. Milango ya kituo ikafunguka, gari likatoka, na nikaona midomo yake ikihesabu vichwa. Dereva. Mkubwa wao. Mdogo wangu. Mwenzake. Gari likakata kona likapotea, na midomo ya Kengele ikawa bado inatafuta wengine.

"Mlangoni wako nani?" akauliza.

Aliongea kwanza yeye. Nilikuwa nimeshinda, na sikuona raha hata chembe. Alijua vizuri kwamba taa za kata yetu zinaondoka na swali lile, na kweli ziliondoka, na uchaguzi uliofuata ukamwondoa na yeye.

"Hakuna mtu," nikamjibu.

"Mheshimiwa," akaanza mkurugenzi, "haya ndiyo majaribio yenyewe, na takwimu za awali zinaonyesha..."

Kengele akamshika mkono wa koti. "Twende."

"Wapi?"

"Wao ni wanne. Mimi wa tano, wewe wa sita. Gari lako liko wapi?"

Mkurugenzi aliendesha, mimi nikakaa nyuma, nimempigia mwenzangu wa zamu atuambie moto uko wapi. Kengele alitoa kichwa dirishani akawa king'ora. "Pisheni! Pisheni njia! Wewe mwenye baiskeli, utakufa na haraka zako!" Watu walipisha. Kwenye taa nyekundu mkurugenzi akasimama, kama raia mwema, Kengele akaingiza kichwa ndani na kumtazama tu. Tukapita.

Ilikuwa karakana ya kutengeneza makochi, na sponji ikiungua moshi wake ni mweusi na mzito. Mpira wa maji ulikuwa umeingia mlangoni, na kamba imeingia nao, na ncha ya kamba ilikuwa imelala chini, haina wa kuishika. Dereva alikuwa kwenye pampu. Mkubwa wao alikuwa amezunguka nyuma. Mdogo wangu na mwenzake walikuwa ndani.

Kengele alifungua sanduku la gari la zimamoto, akatoa makoti mawili ya kazi, moja akavaa, lingine akamvika mkurugenzi juu ya suti, likamfika magotini. Akaiokota kamba akamtia mikononi.

"Ikikazwa, niambie. Ikilegea, niambie. Macho kwenye mlango."

"Na nikishaona?"

"Niambie. Kazi yako ni hiyo."

Mkurugenzi akasimama. Maji ya pampu yalikuwa yanamwagika juu ya viatu vyake, hakuangalia chini. Kengele alipiga goti kando yake, mtungi wa hewa mgongoni, barakoa mkononi, akisikiliza. Mimi nilikuwa nimeshika mlango wa gari kwa mikono miwili na nilikuwa nasali kwa sauti, nadhani.

Ndani kitu kizito kikaanguka. Sauti ya maji ikakatika.

"Imelegea," akasema mkurugenzi. Sauti ilimtoka nyembamba. "Mheshimiwa, imelegea!"

"Nimesikia." Kengele akavaa barakoa.

Alikuwa ameshainama kuingia, mkono mmoja umeshagusa fremu, ndipo kamba ikakazika. Kikatoka kisigino cha buti, halafu buti nzima, halafu mdogo wangu anatambaa kinyumenyume akimburuta mwenzake kwa mabega. Kengele akawadaka wote wawili akawavuta hadi kwenye hewa safi. Yule mwenzake alikuwa amepigwa na boriti begani, akitukana vizuri sana, kwa hiyo tukajua atapona. Mdogo wangu akavua barakoa.

"Shemeji? Wewe unafanya nini hapa?" Akamtazama mtu mwenye koti hadi magotini. "Na huyu je?"

Nilimkumbatia mdogo wangu, nikampiga kofi la bega, nikalia, nikampiga tena. Sikujali nani anatazama.

Mkurugenzi alikuwa bado amesimama palepale. Dereva alimwendea kuchukua kamba, hakuiachia. Masizi yalimjaa usoni, na alikuwa anapumua kama aliyekimbia, ingawa hakupiga hatua.

"Na kama wasingetoka?" mkurugenzi akamuuliza Kengele.

"Tungeingia."

"Nani?"

"Mimi na wewe," Kengele akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu nilimsikia akisema kitu kwa sauti ya chini.

Mkurugenzi akautazama ule mlango. Moshi ulikuwa bado unatoka, mzito, huoni hata hatua moja ndani. Aliutazama muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

"Wawe sita," akasema.